Mgonjwa wa Muhazi

Mama mkwe wangu hakula samaki. Nianze na hilo, kwa sababu watu waliomjua juujuu walidhani alikuwa akienda ziwani kutafuta kitoweo. Samaki, alisema, ni kiumbe aliyejaa sindano, na yeye sindano alikwisha kuzishika za kutosha maishani. Alichopenda ni kumvua. Akishamtoa majini alimtazama vizuri, akamsifu au akamsuta, kisha akampa yeyote aliyekuwa karibu, mlinzi wa hoteli, mpita njia, mtalii aliyeshangaa, naye akafungua mkoba wake akala sambusa ya nyama.

Aliuza vitambaa Muhima, hapa Kigali, kwenye ule mteremko wa kushukia Nyabugogo: mapazia, mashuka, vitambaa vya meza. Dukani alikuwa mwaminifu hadi kero. Mita yake ilikuwa mita, na juu yake aliongeza upana wa vidole viwili ili mteja asije akalala na kinyongo. Lakini mita ile ilibaki Muhima. Samaki wa urefu wa kiganja aliyevuliwa Jumamosi, ikifika Ijumaa nje ya msikiti alikwisha kuwa wa urefu wa mkono, na Idi ikikaribia alikuwa ameota ndevu.

"Mama," nilimwambia siku moja tukiwa wawili, "yule samaki si nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, lakini ulikuwa umekaa vibaya," akasema. "Na mvuvi haongopi, mkwe wangu. Anakadiria."

Jinsi alivyoanza uvuvi alisimulia tofauti kila mara, kwa hiyo nashika ile simulizi ya mke wangu, ambaye ni binti yake wa mwisho. Zamani kidogo, wakati marobota ya mapazia ya mtumba bado yanaingia kwa wingi, alifungua robota moja akakuta ndani yake ufito mwembamba mweusi unaojikunja wenyewe kwa wenyewe kama eriali ya redio. Akajisemea kwamba Ulaya wameendelea, wamebuni fimbo ya pazia ya safari. Akautundika mlangoni mwa duka na pazia la lesi juu yake. Ulikaa hapo muda mrefu, hadi siku alipoingia mzee mmoja aliyewahi kuishi Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, akainua macho, akacheka mpaka akaomba kiti.

"Mama, hii si ya pazia. Hii ni ya kuvulia samaki!"

Wote dukani walicheka. Yeye hakucheka. Alipanda kwenye stuli, akalishusha pazia, akaupima ufito mkononi, akauliza, "Na ndoana zinauzwa wapi?"

Wakati huo alikuwa mjane, watoto wake wote wamekwisha kuoa na kuolewa, na kila mmoja wao akiamini kwamba mama sasa atapumzika.

Vifaa vilikuja kimoja kimoja, na kila kimoja na vituko vyake. Fundi wa jirani alimshonea kizibao cha mifuko mingi kwa kitambaa cha pazia la kijani kilichobaki dukani, akakivaa juu ya gauni lake refu, mtandio kichwani, mabuti ya mpira miguuni. Mfuko mmoja ulikuwa wa ndoana, mwingine wa chubwi, mwingine wa maboya madogo mekundu, mwingine wa tasbihi. Ilitokea mara moja akatia mkono kutafuta tasbihi akatoka na ndoana kidoleni, na maneno aliyosema hapo hayakuwa dhikri.

Ile mashine ya kukunjia mshipi aliletewa na jamaa kutoka Kampala. Yeye aliiita kwa Kifaransa, mulinee, kama wanavyosema wazee wa Kigali. Ilipokwama mara ya kwanza hakuna fundi aliyejua pa kuipeleka, kwa hiyo akaipeleka Gatsata, kwenye gereji za chini ya barabara, kwa kijana anayetengeneza pikipiki, ambazo Kigali huitwa moto. Nilikuwa naye. Kijana aliigeuza, akainusa, akazungusha mpini.

"Mama, hii iko ya moto gani?"

"Ya majini."

"Majini iko na moto?"

"Iko. Inakwenda polepole, lakini haina askari wa barabarani."

Kijana akatikisa kichwa, akaifungua, akaipaka grisi ya pikipiki. Tangu siku hiyo mulinee ilizunguka kama mpya, na kwa muda fulani chambo chetu chote kilinukia gereji. Yeye alishikilia kwamba ndiyo sababu samaki walikula vizuri zaidi mwaka huo.

Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania, nikarudi Kigali nikiwa mtu mzima. Nilifundishwa kwamba mbele ya mama mkwe mtu hanyooshi miguu, hatafuni kwa sauti, wala hamkazii macho. Kwa miaka ya mwanzo ya ndoa yangu niliijua sakafu ya sebule yake kuliko nilivyoujua uso wake. Kisha dereva aliyekuwa akimpeleka ziwa Muhazi akahama mji, mashemeji zangu wawili wakaanza kupata shughuli za ghafla kila Jumamosi, na mimi nikabaki kuwa mtu mwenye gari asiye na kisingizio.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye gati la mbao nikimpa mgongo.

"Mkwe wangu, huko nyuma unamtazama nani?"

"Nakuheshimu, Mama."

"Niheshimu huku umeshika wavu. Samaki hatoki kwa adabu."

Akanipa fimbo ya pili nijaribu. Niliiinua kama nilivyomwona akiinua, nikaitupa kwa nguvu zangu zote, na ndoana badala ya kwenda mbele ikarudi nyuma ikaninasa suruali, mahali ambapo mkwe hapataji hata jina lake mbele ya mama mkwe. Nilisimama wima kama mlingoti. Niliomba ziwa lipande linichukue.

"Tulia," akasema, akavaa miwani. "Kabla ya duka nilikuwa mshonaji. Nimezishona suruali za mawaziri."

Akaitoa bila kutoboa zaidi ya ilivyokwisha kutoboka. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, hadi tulipofika kwake Muhima, akishuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mwanangu akutilie kiraka cha rangi moja na suruali." Kuanzia hapo sikuangalia tena sakafu mbele yake.

Alikuwa na imani zake. Aliamini kwamba samaki wa Muhazi wanasikia Kinyarwanda, kwa hiyo ziwani tuliongea Kiswahili tu. Kama nikisahau nikamwita kwa Kinyarwanda kumwonyesha boya limetikisika, alinikata jicho. "Yewe! Umewaambia!" Kwa Kiswahili, hata hivyo, alisema lolote juu ya yeyote. Pale gatini ndipo nilipojua ni yupi kati ya watoto wake aliyefeli mtihani mara mbili, na ni yupi aliyemwogopa kuku mpaka akabalehe.

Na kulikuwa na subira yake, ambayo sijapata kuielewa. Huyu ni mtu ambaye taa nyekundu ya barabarani ilimkera kama tusi. Kwenye harusi, mzee wa upande wa bwana harusi akianza kuzunguka na mafumbo ya kuomba mchumba, yeye alisikika akisema, "Tumempa, tumempa, leteni chakula." Lakini mbele ya kile kiboya chekundu alikaa toka asubuhi hadi adhuhuri bila kuhema kwa nguvu. Akiswali, aliniachia fimbo. Siku moja samaki alikula chambo yeye akiwa katika kikao cha mwisho. Aligeuza uso kuliani akatoa salamu, akauliza "Mkubwa?" na kunipokonya fimbo. Nadhani malaika wa kushoto bado anaisubiri salamu yake.

Minyoo aliitafuta siku ya umuganda. Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima ukitoka kufanya usafi, wengine hupenda kufagia kwa sababu ufagio ni mwepesi. Yeye alichagua mtaro. Aliinama na kijembe chake akachimbua tope kwa bidii iliyowaaibisha vijana, huku kopo la maziwa ya unga liko ubavuni mwake. Kiongozi wa mtaa alimsimamisha mbele ya watu akasema huyu ndiye mfano wa mzalendo. Watu walipiga makofi. Mzalendo aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kopo amelikumbatia, na kopo lilikuwa likitambaa ndani kwa ndani.

Sasa nifike kwenye jambo lililotaka kuivunja nyumba yetu.

Muhazi kuna kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye nguvu za mjomba aliyenyimwa urithi. Siku moja kamongo alimshika. Au yeye alimshika kamongo, simulizi zinatofautiana. Tulikuwa tumetoka gatini tukasogea kwenye ukingo wa tope. Nilimwambia aachie. Akasema, "Aachie yeye kwanza." Hatua ya kwanza, ya pili, kisha mabuti yakateleza, na mama mkwe wangu akaingia ziwani na kizibao chake cha pazia. Maji yalimfika kiunoni tu. Lakini mtandio ulielea, na mgeni mmoja wa hoteli alikuwa ameshika simu. Kabla hatujafika Kabeza, ninapoishi, video ilikwisha kuingia kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Shemeji yangu mkubwa aliitisha kikao. Ni mtu wa ofisi, wa suti hata Jumapili, anayesema "hoja yangu ya kwanza" hata akiagiza chai. Tulikaa sebuleni Muhima.

"Mama ana presha," akasema. "Mama ana magoti. Mama ni Hajati. Ulimwengu mzima umemwona Hajati amelowa."

"Na kamongo?" akauliza mama yake. "Kuna aliyeuliza anaendeleaje?"

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alikuwa akilia. Alimwona mama yake amezama, alisema, kila alipofumba macho. Hapo mama mkwe akamshika binti yake mkono, akasema, "Basi. Fanyeni mnavyoona."

Iliamuliwa kwamba uvuvi umekwisha, na kwamba mimi, niliyesababisha kwa kuendesha gari, nitachukua vifaa vyote nikavifungie kwangu. Nilipokwenda kuvichukua alinikaribisha chai ya tangawizi. Begi refu lilikuwa tayari, limefungwa kwa utepe.

"Chukua, mwanangu. Mkubwa wenu ameona mbali."

Ningepaswa kushtuka. Katika miaka yote ile sijamsikia akikiri kwamba mtu mwingine ameona mbali. Lakini nililibeba begi hadi Kabeza, nikaliweka juu ya kabati.

Hazikupita wiki nyingi tukasikia kwamba rafiki yake wa zamani, huko upande wa Muhazi, ni mgonjwa, na Mama hana budi kwenda kumtazama kila Jumamosi kwa basi.

"Anaumwa nini, Mama?" mke wangu akauliza.

"Pumzi. Akitoka nje tu, pumzi inamkata."

"Masikini! Anakula?"

"Akipata anachokipenda, anakula kwa pupa."

"Na kuongea, anaongea?"

"Kinywa anafungua. Sauti ndiyo haitoki."

Mke wangu alituma juisi na maembe. Shemeji mkubwa alituma blanketi. Msikitini waliombwa wamkumbuke kwa dua mgonjwa aliyeko kando ya ziwa, na walimkumbuka kwa moyo. Mimi mwenyewe niliitikia amina.

Kisha ikaja siku mke wangu akasema lile begi tumpe mtu mwenye kulitumia. Nikalishusha, nikalifungua peke yangu barazani. Ndani kulikuwa na fimbo za pazia, za chuma, nzuri, pamoja na pete zake. Nilikaa kitako nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliyakumbuka machozi ya mke wangu.

Nilikwenda Muhima siku hiyohiyo. Alikuwa anakata shuka.

"Mama, mgonjwa ana hali gani?"

Alinitazama juu ya miwani. Aliona usoni mwangu kwamba begi limefunguliwa.

"Inategemea chambo," akasema, akaendelea kukata.

"Mwanao analala anaota umezama."

Mkasi ukasimama. Akavuta stuli, akakaa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba magoti yale kweli yanamuuma.

"Nisikilize," akasema. "Hapa dukani watu wananitaka vitambaa. Nyumbani wananitaka dua, wananitaka ushauri, wananitaka nisife. Ni haki yao. Ziwani hakuna anayenitaka kitu. Samaki naye anataka mnyoo tu, nami sijamficha kwamba ndani yake kuna ndoana."

"Umemficha, Mama. Ndiyo maana ya ndoana."

Alifikiri kidogo. "Kidogo nimemficha," akakubali.

Tulikubaliana jambo moja: asiende tena peke yake, na asikanyage tope. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikawa dereva wa kwenda kwa mgonjwa, na mke wangu akawaambia jirani zetu kwamba hajaona mkwe mwenye huruma kama mumewe. Nilimsihi Mama amwambie binti yake ukweli. Kila wiki alisema, "Wiki ijayo."

Wiki ijayo ilikuja na shemeji mkubwa. Alitangaza kwamba si vizuri familia itume blanketi tu. Twende sote tukamjulie hali. Alimwambia mama yake Ijumaa, nikiwepo. Nilimtazama atajitetea vipi. Yeye alisema, "Karibuni," akaondoka kwenda kutafuta minyoo.

Usiulize nilivyolala. Niliwaza labda atakodisha mgonjwa. Kwa jinsi nilivyomjua, halikuwa jambo gumu kwake.

Asubuhi mimi na yeye tulitangulia. Walipofika, wao wakiwa na pilau ndani ya hotipoti, chupa ya uji na shada la maua, walimkuta amekaa mwisho wa gati, kizibao mwilini, boya majini. Mke wangu alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Shemeji mkubwa alitembea juu ya mbao zile, viatu vikimlia, uji mkononi.

"Mama. Mgonjwa yuko wapi?"

Wallahi sijui kama wanyama wana sikio la mambo haya. Boya lilizama. Fimbo ilipinda hadi ncha ikanusa maji.

"Huyo anakuja!" mama yake akapiga ukelele. "Weka uji chini! Shika wavu!"

Mimi nilikuwa nimeshika fimbo pamoja naye, kwa hiyo hakukuwa na mwingine. Na mtu aliyezoea kumtii mama yake tangu utotoni, mwili wake hutii kabla ya akili. Shemeji alitupa uji, akapiga magoti na suti yake kwenye mbao zilizolowa, akauchukua wavu wenye mpini mrefu, akauingiza majini. Mke wangu alikuwa ameshika koti la kaka yake kwa nyuma, akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto kwako!" Samaki alipanda. Alikuwa kambare, mnene, kichwa kipana kama sinia. Akaingia nusu wavuni. Akamtazama shemeji usoni, akatikisa masharubu.

Shemeji alilia kama mtoto akauachia wavu.

Wavu ulielea kidogo, ukageuka, ukaenda zake. Mshipi ulikuwa umelegea. Mama mkwe wangu aliukunja taratibu hadi ndoana tupu ikatoka majini, akaitazama, akamtazama mwanawe.

"Basi," akasema. "Mgonjwa amepona."

Mke wangu ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka akaketi chini juu ya maua. Kisha akalia, kisha akamshika mama yake mabega akamtikisa, akamwambia usinifanyie tena, usinifanyie tena kamwe, na mzee akasema, "Sitarudia, sha mwanangu," na nadhani siku hiyo alimaanisha. Shemeji mkubwa alijaribu kuanza. "Hoja yangu ya kwanza, Mama, umetudanganya…"

"Hoja yangu ya kwanza," akasema mama yake, "ni nani aliyemwachia?"

Kesi ikageuka. Hakuna aliyezungumza tena juu ya presha wala magoti. Tulikula pilau pale gatini, na kila kijiko mtu mmoja alikumbushwa kambare yule. Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja mwenyewe, bila tai, akasema amekuja kumlinda mama. Alikuwa amejinunulia wavu.

Masharti yaliwekwa. Kiti chenye mgongo. Jaketi la kuokolea, ambalo alikubali kulivaa baada ya kulifunika kwa kitambaa kinachoendana na kizibao. Mke wangu alikuja mara nyingi, akakaa anasuka vikapu, akijifanya haangalii boya.

Mara ya mwisho niliyokwenda naye ilikuwa baada ya masika, yeye na mimi tu. Alikuwa amepungua. Nilimshika mkono kutoka kwenye gari hadi kitini, kazi iliyotuchukua muda, na hakutania. Mabega hayakumruhusu tena kutupa mshipi, nikamtupia mimi, akashika fimbo. Aliniuliza habari za wanangu. Aliniambia shemeji yangu mdogo asiachiwe duka, hana jicho la rangi. Apewe mke wangu. Kisha akageukia boya.

Jua lilipanda. Nilipogeuka nilimkuta kidevu kimeangukia kwenye jaketi, mikono imelala juu ya fimbo. Jaketi lile nene halikuniruhusu kuona kama kifua kinapanda. Nilijiambia amesinzia. Nikatazama maji, nikamtazama tena. Hakuwa ametikisika.

Boya likazama. Mshipi ukakaza, ncha ya fimbo ikaanza kuinama, na mikono yake haikufanya kitu.

"Mama," nikaita.

Hakujibu. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, ulikuwa wa baridi kwa upepo wa ziwa, nikaubana kidogo. Nilisahau lugha, niliita kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, kwa yote.

"Mama. Mama, amekula."

"Najua," akasema, macho yamefumbwa. "Mwache ale kwanza. Huenda ametoka nyumbani bila chai."